Tusimdanganye Mjumbe Mwaminifu



Juma hili kijana mmoja wa hapa Kasulu alitujia na swali ambalo hatukulitazamia. Kwa akiba ya misimu kadhaa ya maharage amenunua Toyota Chaser ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyotumika Japani, yenye injini ya 1JZ-GTE: lita 2.5, silinda sita, turbo mbili. Rafiki yake amemshauri aunge nyumbani rezista ndogo, isiyozidi bei ya soda, katika waya wa sensa ya joto la hewa, ili gari lipate nguvu. Je, kuna ubaya?

Tulitazame jambo lenyewe kwanza. Ukinzani wa sensa hiyo hupungua kadiri hewa inavyopata joto. Katika nyuzi 20 za Selsiasi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000. Katika nyuzi 80 hushuka hadi kati ya 200 na 400. Kompyuta ya gari husoma badiliko hilo ndipo ikadirie petroli, na katika magari mengine hata wakati wa cheche. Rezista ikiongezwa, kompyuta huamini kwamba hewa ni baridi kuliko ilivyo, nayo humwaga petroli zaidi. Hewa haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni taarifa ya uongo.

Tena uongo huo hukua. Tuseme rezista ni ya omu 1,000. Asubuhi ya nyuzi 20, kosa ni nyuzi kama nane tu. Lakini gari likipanda mlima, turbo ikiikandamiza hewa hadi nyuzi 80, kompyuta itasoma takriban 40. Hivyo injini inadanganywa zaidi saa ile ile inapohitaji ukweli zaidi. Petroli ya ziada huosha mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda na kutia plagi masizi. Na cheche ikiwahishwa mno, injini hugonga, mpaka pistoni hutoboka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Wapo watakaotuambia kwamba magari yao yalichangamka. Hatuwabishii. Gari lililopungukiwa petroli laweza kuchangamka likiongezewa. Lakini hapo ugonjwa umefichwa, haukuponywa.

Sisi twamshauri kijana wetu afanye lililo jepesi zaidi. Aanze na chujio la hewa, kwa maana barabara ya Kibondo na Kasulu ilikuwa ya vumbi jekundu kwa miaka mingi, na vijijini vumbi halijakoma. Kisha aifungue sensa, aichovye ncha yake katika maji ya moto, aweke na kipimajoto, apime ukinzani kwa mita ya umeme. Ikisema kweli, airudishe mahali pake. Ikikosea, anunue nyingine.

Gari hilo si lake peke yake. Usiku mmoja jirani atabisha hodi, mama mjamzito akihitaji kufikishwa Hospitali ya Kabanga. Saa hiyo hakuna atakayeuliza lina farasi wangapi. Wataomba tu lifike.

Tuwatakie juma jema.