Februari haina siku 31

Mwanafunzi anajaza fomu ya chuo kwenye intaneti. Penye tarehe ya kuzaliwa, mkono unateleza, anaandika 31 Februari 2005. Je, kompyuta itamkosoa?

Si lazima, ndugu msomaji. Lugha ya JavaScript, inayotumika sana kwenye kurasa hizo, ikipewa namba za mwaka, mwezi na siku haikatai siku zilizozidi. Huzisogeza mbele kimyakimya, na tarehe hiyo ikawa 3 Machi 2005. Fomu inapita, lakini siku ya kuonyesha cheti cha kuzaliwa ndipo matata huanza.

Nyinyi mnaojifunza kuunda kurasa, dawa ni hii: tarehe ikishaundwa, isomeni upya na kuilinganisha na alichoandika mtu. Siku, mwezi au mwaka ukitofautiana, mrudishieni asahihishe. Msisahau kwamba JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, hivyo Februari ni 1. Tena wekeni visanduku vitatu vyenye majina, kwani 3/4 kwetu ni Aprili, kwa Wamarekani ni Machi.

Nanyi wazazi, kabla mtoto hajaituma fomu, isomeni tarehe hiyo pamoja, cheti kikiwa mkononi. Haraka haraka haina baraka.