Hela ya oda siyo hela ya kujengea

Leo nina jambo ambalo najua wengine hamtalipenda. Kila wiki humu mtu anaandika kwamba kupanga ni hasara, kijana mwenye biashara anunue nyumba haraka. Mimi nimenunua. Nina miaka 26, nauza mchele hapa Ifakara, wateja wangu wengi wako Dar na Morogoro, wananiona kwenye simu tu. Nyumba ninayo, na bado nasema ule ushauri una shimo.

Tuanze na hiyo hasara ya kupanga. Nilikuwa nalipa chumba 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Sasa mwenye milioni moja akinunua mchele wa Supa mwezi wa saba, mavuno yakiwa yamejaa, kwa 1,600 ya mashineni, anapata kilo 625. Akikaa nao mpaka Desemba bei ikafika 2,300, ana 1,437,500. Toa magunia na mahali pa kuhifadhi, lakini unaona kwamba milioni moja iliyotulia kwenye mchele inakaribia kulipa kodi yangu ya mwaka. Ukiichomoa uiweke kwenye tofali umehama chumba, ila umeua kitu kilichokuwa kinakulipia hicho chumba. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: nyumba itatoka kwenye faida, mtaji sigusi. Miaka minne nikafikisha milioni 6.

Nyumba ya kwanza niliyooneshwa ilikuwa boma lililofika kwenye lenta, upande wa bonde la mto Lumemo, milioni 5 na nusu. Ilikuwa Oktoba, ardhi kavu, upepo mzuri, nikashaanza kupanga kitanda kikae wapi. Mama mmoja jirani aliniona nazunguka. Nikamwamkia. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya ukuta, akaniambia, "Mwanangu, tazama hapa." Kulikuwa na mstari wa tope umekauka kwenye tofali, juu ya goti langu. Ni maji ya Aprili 2024, Lumemo ilipofurika. Dalali alikuwa amenisimamisha upande wa mbele muda wote.

Kwa hiyo ukinunua nyumba kwenye hili bonde letu, nenda Aprili. Kama huwezi kusubiri, zunguka nyuma ya nyumba, na uongee na jirani dalali akiwa hayupo.

Nyumba ya pili ilikuwa pazuri zaidi, sehemu iliyoinuka, chumba, sebule na stoo, imeezekwa. Milioni 7 na laki 2. Muuzaji alikuwa na mke, nikagoma kulipa mpaka mama naye asaini mbele ya serikali ya mtaa. Walininunia, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Nilienda pia ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhakikisha kiwanja kipo kwenye ramani. Hapo nilikuwa na akili sana.

Akili iliishia kwenye hela. Nilipungukiwa milioni 1 na laki 2. Muuzaji akasema kuna mtu mwingine anakuja Jumatatu. Na kwenye laini yangu ya simu kulikuwa na 1,320,000. Zilikuwa oda za sikukuu: wateja 14, kilo 600, wamelipa Oktoba kwa 2,200 ili Desemba bei ikipanda wao wasiumie. Mchele huo nilitakiwa niununue wiki ileile kwa 1,900 niuweke. Nikajiambia nitarudisha kabla ya Desemba. Mtaji sijagusa, si ndiyo? Nikalipa nyumba.

Novemba nilihamia. Mlango wa mbele ulikuwa bati, dirisha moja nilikuwa nimeziba na turubai, lakini usiku wa kwanza sikulala kwa furaha, niamini. Halafu nyumba ikaanza kudai. Kuvuta umeme, kitasa, pipa la maji, bodaboda mpaka stendi ambayo zamani ilikuwa 1,000 sasa 2,500 kwa kila mzigo. Gunia mbili nilizoweka chini kwenye sakafu mpya ya saruji zilivuta unyevu, mchele ukanuka, nikauza kwa bei ya kuku. (Weka chaga za mbao, na acha nafasi kati ya gunia na ukuta, panya hapendi kupita peupe.)

Desemba mashineni ikawa 2,300. Yaani hata ile hela ya wateja ingekuwepo yote isingetosha kununua kilo zao. Nikaanza uongo. Huyu namwambia barabara mbaya, yule namwambia gari limejaa. Na katikati ya uongo huo, siku moja nimepiga rangi sebule, nikapost picha status: "Mungu ni mwema." Nikasahau kwamba wateja wangu wote wana namba yangu.

Mama mmoja wa Tabata akajibu, "Hongera sana dada kwa nyumba. Mchele wangu je?"

Nilikaa chini sebuleni kwangu nikaona aibu ya nyumba yangu mwenyewe.

Usiku ule niliwaandikia wote 14. Sikuandika barabara. Niliandika kwamba hela yao nimeitumia, nataja tarehe ya kila mmoja kupata mchele wake, asiyetaka kusubiri narudisha hela. Nilimaliza gunia zangu zote za kuuza, zile za mtaji ambao "sijagusa". Nikakopa 500,000 kikoba. Runinga ikaenda. Mama wa Tabata alitaka hela yake, 110,000, nikamrudishia siku ileile. Wa mwisho alipata mchele tarehe 9 Januari, sikukuu imeshapita.

Wengine watasema si ulipata nyumba, malizia hapo, kila mtu anakopa. Sikubali. Mkopo ni mtu amekukubalia. Wale 14 hawakunikubalia kitu, walidhani wananunua mchele. Sisi tunaouza kwenye simu hatuna fremu ambayo mtu atakuja kutushika shati, tuna jina tu, na ningelichezea kwa ajili ya muuzaji aliyesema "Jumatatu". Yule mnunuzi wa Jumatatu mpaka leo sijui kama alikuwepo.

Sasa hivi nina laini mbili. Ya oda haitoi hata hela ya vocha mpaka mchele wa mtu uwe umepanda gari. Kikoba nilimaliza Mei. Mlango wa bati bado upo, mbao nitanunua baada ya mavuno. Kati ya wale 14, tisa wamenunua tena. Mama wa Tabata hajarudi, ila status zangu bado anaziangalia.