ADF: kufukuza bila kulinda hakutoshi

Utawala wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Novemba ya mwaka huo, jeshi la Uganda liliungana na FARDC katika operesheni Shujaa. Kambi za ADF zilivunjwa, lakini wauaji walihama kutoka Beni kuelekea Mambasa na Lubero. Julai 2025, watu zaidi ya 30 waliuawa Komanda, wengi wakiwa waumini kanisani.

Siasa ya ulinzi isipimwe kwa kambi zilizochomwa tu. Ipimwe kwa mkulima anayeenda shambani na kurudi salama. Pale adui anapofukuzwa, askari wabaki, walipwe kwa wakati, na raia wanapotoa tahadhari, wajibiwe kabla mapanga hayajafika.