Anayekatwa si lazima awe mwanachama

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza mhasibu lile kato la mwisho kwenye karatasi ya mshahara ni la nini. Akashangaa: "Si la chama cha wafanyakazi? Kwani wewe si mwanachama?" Sikuwa nimejaza fomu yoyote. Mei Mosi nikapewa fulana na kofia, nikaandamana na wenzangu. Baadaye ndipo nikajua kwamba nilichokuwa nakatwa ni ada ya uwakala.

Mwanachama ni neno zito. Kama mwananchi alivyo na sauti katika nchi yake, mwanachama humchagua katibu wa tawi, hugombea, huhoji mapato na matumizi. Kukatwa hela peke yake hakumpi mtu hadhi hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatenganisha wakatwaji wa aina mbili. Mmoja ameidhinisha makato yake kwa fomu, na anaweza kuyasitisha kwa notisi ya mwezi mmoja. Mwingine hakujiunga, ila chama chenye wafanyakazi wengi pale kazini kimekubaliana na mwajiri naye akatwe, kwa kiasi kisichozidi ada ya mwanachama. Hiyo ndiyo ada ya uwakala, nami naiunga mkono. Mkataba wa hali bora ukisainiwa, nyongeza ya mshahara haichagui mwenye kadi na asiye nayo, na si haki wanachama peke yao wabebe gharama za kuipigania. Lakini aliyelipishwa hajajiunga.

Mazoea ya kuwachanganya wawili hawa ni ya zamani. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, kikaundwa kimoja tu, NUTA. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya CCM. Siku hizo mfanyakazi na mwanachama yalikaribia kuwa neno moja. Leo vyama ni vingi na kujiunga ni hiari, ila tunaongea vilevile.

Kinachoniuma ni hasara yake. Katibu anayemhesabu kila anayekatwa kuwa ni mtu wake haoni sababu ya kumfuata, kumsikiliza, wala kumwalika mkutanoni.

Mimi nilijaza fomu mwaka wa tatu, baada ya katibu mpya wa tawi kuja mezani kwangu na katiba ya chama, akanifungulia ukurasa wa haki za wanachama. Makato hayakubadilika hata shilingi. Mkutano uliofuata nilinyoosha mkono, nikauliza fulana za Mei Mosi ziligharimu kiasi gani.