Haki ya Kufikiri Tena

Walioshikilia kwamba Waingereza wasiulizwe tena juu ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya walisahau historia. Mwaka 1975 taifa hilo lilikubali kwa asilimia 67 kubaki katika Jumuiya ya Ulaya. Kama kura hiyo ingalikuwa pingu ya milele, ile ya tarehe 23 Juni 2016, iliyoamua kujitoa kwa asilimia 52, isingalipigwa. Mwaka 2019 Theresa May, Waziri Mkuu, aliwapelekea wabunge mapatano ya kujitoa mara tatu. Wakayakataa mara tatu. Mbunge aulizwe mara tatu, raia anyimwe mara ya pili? Uchaguzi wa Desemba 2019 ulichagua wabunge. Swali lenyewe halikurudishwa kwa umma, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka. Kura ni sauti ya umma, si kufuli ya kinywa chake.