Tuliinusuru Miti, Tukayasahau Majina

Mtoto akikuuliza jina la mti nawe ukamjibu "ni mti tu", umemfungia mlango wa elimu. Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe, mwalimu wa isimu, nilipowapeleka wanangu na wapwa zangu matembezini jijini Nairobi kwa siku moja.

Asubuhi tulizuru bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribia miti ikuayo upesi, kwani magarimoshi ya wakati huo yalihitaji kuni. Hapo sikuaibika sana. Mikalitusi na mijakaranda ni migeni, nayo imekuja na majina yake.

Mchana tuliingia msitu wa Karura. Njia zake humsisimua mtoto: mara mianzi, mara maporomoko ya maji, mara mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Watoto wakaanza kuibatiza miti. Mmoja wenye mizizi minene wakauita "Mguu wa Ndovu". Mwingine uliopinda ukawa "Ajuza Acheza Ngoma". Nilicheka sana, hadi mpwa wangu aliponiuliza, "Mjomba, na jina lake la kweli ni lipi?" Ndipo nikatoa jibu lile.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita alinisitiri. Mguu wa Ndovu, alisema, ni mugumo, mti ambao Wakikuyu walisali na kutoa kafara chini yake. Akatuonyesha muthiga, ambao gome lake huwasha ulimi kama pilipili na hutafunwa kutuliza kikohozi. Akatuonyesha na muhugu, ambao mbao yake ni ngumu hata mchwa huishindwa. Wachongaji wa vinyago waliupenda mno muhugu hata ukaadimika, wakalazimika kugeukia mwarobaini.

Tazama basi yaliyomo ndani ya majina matatu: ibada, tiba na uchumi. Hata jina la mtaa wa kifahari wa Muthaiga, jirani ya msitu huo, lahusishwa na muthiga. Wangapi wapitao pale kila siku walijua?

Yamkini msomaji atasema kwamba majina ya Kilatini yanatosha. Sikatai, humwezesha mtaalamu wa Nairobi kuelewana na mwenzake wa Tokyo. Lakini jina la Kilatini halimwambii mtoto kwamba gome hili ni dawa. Mwarobaini wajieleza wenyewe: ni mti unaoaminiwa kutibu maradhi arobaini.

Tatizo lina mizizi yake. Kiswahili kilizaliwa pwani, nacho kina hazina kubwa ya majina ya miti ya huko: mkoko, mkwaju, mbambakofi. Miti ya nyanda za juu ina majina katika Kikuyu, Kimaasai, Kikalenjin na lugha nyingine za bara. Kukopa si aibu; lugha zote hukopa. Waandishi wa kamusi na vitabu vya shule wayakusanye majina hayo, wayaingize katika Kiswahili kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.

Karura haikubaki bure. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kumwagika damu wakiitetea isinyakuliwe. Miti ikasalimika. Lakini asiyejua jina la kitu hatang'amua kinapotoweka. Ukikatwa muhugu mmoja, mtoto wa leo atasema umekatwa mti, na miti si iko mingi?

Mzazi, utakapowapeleka watoto bustanini, usichukue soda na mikate pekee. Chukua daftari, umtafute na mzee wa kukuandama. Waache watoto wabuni majina ya mzaha kadiri wapendavyo, kwani huo ni mwanzo wa kuutazama mti. Ila wanapouliza jina lake la kweli, wawe na wa kuwajibu.