Kompyuta ya Shemeji Mjini Same

Safari hii ukurasa wetu umefika Same, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Moshi, chini ya milima ya Upare. Mvua nyingi itokayo baharini huishia ng'ambo ya mlima, na mji hubakiwa na jua, upepo na vumbi. Vumbi hilo tutakutana nalo tena baadaye.

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, anaendesha hapo duka dogo la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Wateja wake ni wazazi wateremkao kutoka Mbaga, Chome na Suji, na vijana wanaotaka kuandikiwa maombi ya kazi. Ada za shule za watoto wake watatu hutoka katika kompyuta moja ya mezani. Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, fundi mmoja alimshauri abadilishe mfumo, kazi ambayo mafundi wetu huiita "kupiga Windows". Akakubali.

Siku ya pili mashine ikagoma. Barua ikiwa katikati, ilitokea ile skrini tupu yenye maandishi machache, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya bluu na tangu 2025 imeanza kuwa nyeusi. Kisha mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Fundi alirudia kazi yake mara tatu, kila mara kwa shilingi 20,000. Mara ya tatu alitamka kwamba mashine imekufa, inunuliwe nyingine. Shemeji alikuwa tayari kwenda kukopa katika kikoba.

Mimi nilikuwa nimefika kwa ajili ya arusi. Si fundi, ila kazi ya gazeti imenilazimisha kuzizoea mashine hizi, nikaomba nipewe jioni mbili.

"Shemeji," aliniambia, "kule kwetu Bangalala maji yasipofika shambani, hatuchimbi mfereji mwingine. Tunaufuata huo huo kwa miguu mpaka kwenye ndiva, tuone yamepotelea wapi. Huyu kijana amechimba mfereji mara tatu!"

Msomaji asiyetoka Upare ajue kwamba ndiva ni bwawa la asili ya wazee, ambamo maji ya mlimani hukusanywa usiku ili yafunguliwe asubuhi. Nami sijasikia maelezo bora zaidi ya kazi iliyokuwa mbele yetu. Mfumo mpya ukiwekwa mara tatu na kuanguka mara tatu, yafaa kuacha kuushuku mfumo wenyewe na kuyashuku yale yasiyobadilishwa: vyuma, umeme, ile flashi iliyotumika kuuingiza, na draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na vyuma.

Tulianza na maandishi ya skrini. Watu wengi huyaogopa, kumbe ndiyo ushahidi. Nilimwagiza mwanawe mkubwa ayaandike katika daftari kila yatokeapo. Kama kosa ni lile lile kila mara, na linataja jina la faili moja, mara nyingi mkosaji ni draiva. Draiva moja mbovu inaweza kuangusha mashine nzima: tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro katika programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari za ndege zikakwama. Katika daftari letu, hata hivyo, makosa yalikuwa matatu tofauti kwa jioni moja. Makosa yanayobadilika-badilika huelekeza kidole kwenye kumbukumbu ya mashine, ile mafundi waiitayo ramu, au kwenye joto na umeme.

Tukaiwasha katika hali salama, ambayo mfumo hutumia draiva chache tu. Ikaanguka vile vile. Basi tukachomoa waya wa umeme na kufungua kasha. Lo! Feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi jekundu. Tulisafisha kwa brashi laini, na mashine ikadumu karibu saa nzima badala ya dakika kumi. Hapo nusura niipige picha nijisifu. Ikaanguka tena.

Ramu zilikuwa mbili, za GB 4 kila moja. Tulibakiza moja tu, tukaendesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows yenyewe, tukaenda kulala. Asubuhi haikuwa na kosa. Tulipoweka ya pili peke yake, kipimo kilitoa makosa kabla chai haijapoa. Kwa nini basi haikusumbua zamani? Mfumo wa awali ulitumia kumbukumbu kidogo, na yamkini haukuifikia mara kwa mara sehemu iliyoharibika. Mpya unakula zaidi, ukaikanyaga kila siku. Ramu nyingine ya mtumba ilipatikana Moshi, kwa bei isiyofikia malipo ya fundi. Mkopo wa kikoba haukuchukuliwa.

Lakini kuna jambo ambalo hatukuweza kulitengeneza. Fundi alipopiga Windows mara ya kwanza alifuta diski yote bila kuuliza, na humo mlikuwa na hesabu za kikoba hicho hicho za miaka minne. Hakuna nakala iliyokuwa imewekwa pembeni. Nilikumbuka kwamba Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza ya nchi hii mwaka 1965, na hesabu zake zilipovurugika serikali ilirudi kwenye kalamu, hata mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Shemeji hakucheka nilipomsimulia.

Nilipoondoka, akina mama wa kikoba walikuwa wameagizwa kuja Jumamosi, kila mmoja na kijitabu chake cha hisa, ili hesabu ziandikwe upya. Wawili walikuwa wamekwisha kusema kwamba vijitabu vyao havionekani.